Nimwambieje Mume Wangu Kuhusu Safari ya Usiku Bila Kumvunjia Heshima?

Mpendwa Mshauri,

Nimeolewa kwa zaidi ya miaka kumi, na mume wangu ni mtu mwema, mchapakazi, asiyekunywa pombe na asiyependa ugomvi. Nalitaja hilo mapema kwa sababu nisingependa uyasome yafuatayo ukadhani nimekuja kumshtaki. Tuna watoto watatu: wa kwanza ana miaka tisa, wa pili mitano, na wa mwisho hajatimiza mwaka. Mwishoni mwa mwezi ujao mdogo wake mume wangu anaoa, na harusi itafanyika umbali wa kilomita zinazokaribia 700 kutoka tunakoishi. Tunatarajiwa sote, pamoja na mama mkwe wangu ambaye kwa sasa anakaa nasi.

Mpango wa mume wangu ni kwamba Ijumaa, akitoka kazini, apumzike kidogo kisha tuondoke saa tatu usiku, ili tufike asubuhi na kuwahi kikao cha familia kabla ya harusi yenyewe, ambayo ni jioni. Anasema usiku barabara huwa tupu, watoto watalala njia nzima, na yeye hatalazimika kuomba ruhusa kazini. Siku za kazi huamka saa kumi alfajiri, lakini anasema amezoea.

Gari letu ni dogo, lina viti vitano, nasi tuko sita. Nilipouliza mtoto mdogo atakaa wapi, niliambiwa nitampakata. Kiti chake maalumu, ambacho tulipewa na jirani, kinachukua nafasi ya mtu mzima, kwa hiyo imeamuliwa kibaki nyumbani. Mama mkwe akaongeza kwamba yeye alimpakata mume wangu katika safari zote za utoto wake na bado yuko hai. Wakacheka, nami nikacheka nao, ijapokuwa moyoni sikuwa na kicheko.

Linaloninyima usingizi zaidi ni matairi. Mawili ya nyuma yameanza kuwa vipara. Ya mbele bado yana mifereji, lakini ubavuni yana nyufa ndogo ndogo, na yalikuwamo kwenye gari tulipolinunua likiwa limeshatumika. Mume wangu amepanga kulipeleka gari gereji siku moja kabla ya safari ili likaguliwe lote kwa pamoja. Nilipomwambia, tukiwa mezani, kwamba matairi yale hayatufikishi salama, aliweka kijiko chini akaniuliza tangu lini nimekuwa fundi. Mama yake alikuwapo. Tangu siku hiyo, nikiitaja safari, yeye huinuka na kutoka.

Dada yangu ananishauri nisuse: siku ikifika nikatae kupanda gari. Rafiki yangu anasema mume ndiye kiongozi wa nyumba, kwa hiyo ninyamaze na kumwomba Mungu. Nimefikiria kujifanya mgonjwa. Nimefikiria pia kupanda basi na watoto, lakini najua ukoo mzima utalitafsiri hilo kuwa nimemkimbia mume wangu barabarani. Nina leseni ya udereva, ila sijashika usukani tangu nilipojifungua mtoto wa pili, kwa kuwa mume wangu hapendi kuendeshwa.

Je, ninaogopa kupita kiasi? Na kama sivyo, nimwambieje bila kumdhalilisha mbele ya mama yake?

Mama wa Watatu

MSHAURI ANAJIBU

Mpendwa Mama wa Watatu,

Ahsante kwa barua yako, na hasa kwa namna ulivyomtaja mumeo kabla ya kulitaja tatizo. Nimeielewa hivi: kuna safari ambayo huwezi kuikosa bila kuumiza watu, imepangwa kwa namna inayokutia hofu, na kila ukijaribu kuisema hofu hiyo inasikika kama dharau. Umebaki katikati ya watoto wako na heshima ya mumeo, na washauri wawili ulionao wanakutaka uchague upande mmoja na kuuacha mwingine.

Sioni kwamba unaogopa kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa takribani watu milioni 1.19 hufa kila mwaka katika ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Hofu yako ina msingi. Ninachotaka kukuuliza kwa upole ni kama umeielekeza mahali panapostahili.

Katika barua yako matairi yamepewa nafasi kubwa, na kikao cha mezani kimepewa kubwa zaidi. Kuna sentensi moja, hata hivyo, uliyoipitia haraka kana kwamba ni maelezo ya pembeni: mumeo huamka saa kumi alfajiri. Hebu tuhesabu pamoja. Akiamka saa kumi alfajiri siku ya Ijumaa na kuondoka saa tatu usiku, atakuwa amekaa macho kwa saa 17 kabla hajawasha gari, isipokuwa kama hayo mapumziko mafupi unayoyataja ni usingizi wa kweli, jambo ambalo ni gumu katika nyumba yenye mizigo inayofungwa na watoto wenye shauku ya safari. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa muda kama huo hupungukiwa na umakini kwa kiasi kinachokaribia kile cha mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi zimekiweka kuwa kikomo kwa dereva. Hapo ndipo atakapoanzia safari. Atakapofika asubuhi atakuwa amepita saa 24. Umetuambia hanywi pombe, na naamini angejiheshimu mno asiweze kuendesha watoto wake akiwa amelewa, ila uchovu haunuki wala hauyumbishi miguu, kwa hiyo watu wema wengi huuruhusu.

Kuna na jambo la saa zenyewe. Mwili wa binadamu huvutwa na usingizi kwa nguvu zaidi kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi, hata kwa mtu aliyezoea kuchelewa kulala, na kwa mpango mlio nao ndizo saa ambazo atakuwa mbali na nyumbani na mbali na mwisho wa safari. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hupita takribani mita 28 kila sekunde. Usingizi wa sekunde nne, ambao dereva mwenyewe huenda asijue kuwa umempata, humpitisha zaidi ya mita 110 pasipo mtu kwenye usukani. Barabara tupu anayoisifu huondoa msongamano, hilo ni kweli, lakini pia huondoa vitu vinavyomwamsha dereva. Watoto watalala, hilo nalo ni kweli, na yaelekea wewe na mama mkwe mtalala pia, abaki peke yake. Kufungua dirisha na kuongeza sauti ya redio ni faraja ya dakika chache tu. Kinachosaidia kidogo ni kusimama mahali salama, kunywa kahawa na kulala dakika 15 hadi 20 kabla kahawa haijaanza kufanya kazi, na hata hicho hakiwezi kuchukua nafasi ya usingizi wa usiku mmoja.

Sisemi haya ili uende kumtisha nayo. Nasema kwa sababu nadhani hapa ndipo mnapoweza kuzungumza bila yeye kuhisi kwamba unauhukumu uwezo wake. Tairi kipara linaweza kusikika kama lawama kwa mtu anayelimiliki gari, lakini kuchoka baada ya siku nzima ya kazi si kosa la mtu yeyote.

Tuseme basi mnaufikiria upya muda wa kuondoka. Akilala mapema Ijumaa na mkaondoka alfajiri ya Jumamosi, atakuwa dereva aliyepumzika, lakini mtakosa kikao cha asubuhi, na kilomita 700 pamoja na vituo vya kupumzika, ambavyo ni busara viwe kila baada ya saa mbili, vitawafikisha karibu na muda wa harusi. Hatari ya mpango huo ni haraka. Mtu anayeitazama saa yake huongeza mwendo, na mwendo hauna huruma: Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba ongezeko la asilimia 1 la wastani wa mwendo huongeza hatari ya ajali ya kuua kwa asilimia 4. Mkiondoka Ijumaa mara tu atokapo kazini na kulala njiani, mtahitaji mahali pa kulala familia nzima, na hilo lina gharama. Akiomba ruhusa ya siku moja, mtasafiri Ijumaa mchana kwa utulivu, ila wewe huijui hali ya kazini kwake kama anavyoijua yeye, na pengine ruhusa hiyo ni ngumu kuliko alivyokueleza. Umewahi kumuuliza? Katika barua yako umeniambia sababu alizozitoa, lakini sikuona mahali ulipomuuliza kama kuna nyingine asizozitoa.

Na leseni yako? Nakiri niliposoma sentensi ile nilisimama. Bado kuna wiki kadhaa kabla ya safari, muda unaotosha kurudisha mkono kwa kuendesha mara kwa mara karibu na nyumbani. Mkipokezana usukani, kila mmoja atapata mapumziko ya kweli. Tatizo ni kwamba wewe nawe unanyonyesha usiku, kwa hiyo wazo kwamba kutakuwa na dereva wa pili aliyelala vizuri huenda ni matumaini tu. Pia si busara kwa mtu aliyekaa miaka bila kuendesha akaanza tena usiku, barabara ndefu, gari limejaa. Kama mtaliangalia hilo, liwe kwa kipande cha mchana, na liwe ombi la kumsaidia, lisije likasikika kama jaribio la kumpokonya usukani.

Kuhusu viti, hapa nafasi ya kujadiliana ni ndogo zaidi, nami nisingekuwa mkweli nikikuficha. Katika mgongano wa kilomita 50 kwa saa, mtoto wa kilo 10 huvutwa mbele kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 100. Mikono ya mama haiwezi kuuzuia uzito huo, hata mama awe na mapenzi ya namna gani. Ukijifunga mkanda mmoja pamoja naye ni vibaya zaidi, kwa kuwa mwili wako ndio utakaomkandamiza kwenye mkanda. Kiti maalumu kinachotumika ipasavyo kinaweza kupunguza vifo vya watoto wachanga kwa hadi asilimia 71, na kwa umri wa mwanao kinapaswa kuelekea nyuma, tena kisiwekwe kamwe kiti cha mbele penye mfuko wa hewa (airbag) unaofanya kazi. Kwa kuwa mlikipokea kwa jirani, hakikisheni pia kwamba hakijawahi kuwa ndani ya gari lililopata ajali na kwamba mikanda yake haijakatika. Yule wa miaka mitano naye ana haki ya kiti cha kumwinua, ili mkanda upite begani na nyongani badala ya shingoni na tumboni. Wa miaka tisa huenda bado anakihitaji, ikitegemea kimo chake.

Mama mkwe amesema kweli: alimpakata mwanawe, na mwanawe yuko hai. Alifanya kama walivyofanya wazazi wengi wa wakati wake, na sioni faida ya kumbishia. Ila walio hai ndio wanaosimulia safari za namna hiyo. Waliopoteza watoto huwa hawazitaji mezani.

Sasa, watu sita hawaenei katika mikanda mitano, na hakuna namna ya kupanga viti itakayobadilisha hesabu hiyo. Isitoshe, kiti cha mtoto na kile cha kumwinua mwenzake vikikaa nyuma, nafasi ya katikati hubaki nyembamba hata kwa mtoto wa miaka tisa. Lazima mtu asafiri kwa njia nyingine, au gari liwe jingine. Je, umewahi kufikiri kwamba mama wa bwana harusi ana sababu zote za kufika siku kadhaa kabla? Akitangulia kwa basi la mchana, mambo mengi yanafunguka: nafasi kwenye gari inapatikana, na kikao cha asubuhi, ambacho ndicho kinachomsukuma mumeo kusafiri usiku, kitakuwa na mwakilishi mzito kuliko nyinyi wawili. Lakini wazo hilo likitoka kinywani mwako linaweza kusikika kama kumfukuza mzee garini. Likitoka kwa mumeo, au kwa bwana harusi mwenyewe anayehitaji mama yake karibu, litasikika kama heshima. Wewe ndiye unayeijua familia hiyo. Mimi naona tu kwamba mlango upo.

Wazo lako la kupanda basi na watoto silipuuzi, lakini usilichukulie kuwa salama kwa sababu tu dereva si mumeo. Basi la usiku nalo lina dereva anayeweza kusinzia, na mabasi mengi hayana mahali pa kukifungia kiti cha mtoto. Ukilichagua, uliza saa za kuondoka, kama kuna dereva wa pili, na kama mikanda ipo na inafunga.

Nimeyaacha matairi hadi sasa kwa makusudi. Upo sahihi kuyahofia. Lakini mezani ulimpa mumeo maoni, na maoni hujibiwa kwa maoni. Safari hii mpe kitu cha kusomwa. Ubavuni mwa kila tairi, mwishoni mwa mfululizo wa herufi zinazoanza na DOT, kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa, kwa hiyo 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Wakati mwingine tarakimu hizo zimeandikwa upande wa ndani tu, na huonekana kwa kuinama chini ya gari. Watengenezaji wengi hushauri tairi likaguliwe kila mwaka likishatimiza miaka mitano na liondolewe likifika kumi, hata kama mifereji bado inaonekana, kwa sababu mpira huzeeka na nyufa unazoziona ndiyo dalili yake. Mifereji nayo, nchi nyingi zinataka isipungue kina cha milimita 1.6, na kwenye mvua kina hicho ni kidogo mno. Upepo upimwe matairi yakiwa yamepoa, kwa kipimo kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, ambacho mara nyingi kina namba ya juu zaidi kwa gari lililobeba abiria na mizigo. Tairi lenye upepo pungufu, gari likiwa limejaa na mwendo ni mkubwa, hupata joto hadi likapasuka, na hivyo ndivyo matairi mengi hupasuka kwenye safari ndefu. Tairi la akiba lipimwe pia. Husahaulika hadi siku linapohitajika.

Angalia tena jambo moja: mumeo ameshapanga kwenda gereji. Mtu asiyejali hapangi hivyo. Mnachotofautiana ni tarehe. Gari likikaguliwa siku moja kabla, fundi akikuta pedi za breki zimekwisha au rejeta inavuja, hamtakuwa na muda wa kutafuta kifaa wala wa kuona kama kazi imeshika, na magurudumu yaliyofunguliwa yanahitaji kukazwa nati tena baada ya kutembea kilomita 50 hadi 100. Ukimwomba aufanye ukaguzi wiki mbili mapema zaidi, unamwomba kitu alichokwisha kukubali. Fundi mwenyewe ndiye atakayeyasema matairi, pamoja na mafuta ya breki, betri, taa na waipa. Jambo moja tu nakusihi: usimfuate fundi kwa siri ili umpange maneno. Likijulikana, litauma kuliko lile la mezani.

Ushauri wa dada yako na wa rafiki yako una ukweli ndani yake. Kukataa kupanda gari ni haki yako kama mama, lakini ukikataa mlangoni, mizigo ikiwa imefungwa na ndugu wanasubiri, yaelekea ataondoka kwa hasira na mwendo wa hasira, pengine na mama yake ndani. Kama kuna kitu huwezi kukikubali, mathalani mtoto kusafiri bila kiti chake, ni afadhali akijue wiki tatu kabla, kwa sauti ya kawaida, ili abaki na nafasi ya kupanga. Ukinyamaza utailinda amani ya nyumba kwa mwezi huu, ila ujiulize kama utaweza kukaa kimya njia nzima pia. Kujifanya mgonjwa kutakuokoa safari moja, na safari ijayo mtarudi hapa hapa, ukiwa umeongeza uongo juu yake.

Sidhani kwamba mumeo anainuka kwa kuwa hataki kusikia habari za usalama. Huenda anakwepa kurudishwa kwenye meza ile, mbele ya mama yake. Pengine mazungumzo yaanze hapo: mwambie kwamba pale hapakuwa mahali pake, kisha mwombe muda mkiwa wawili, mchana, kabla hajachoka. Usiyapeleke yote kwa pamoja. Ningekuwa wewe ningeanza na saa za usingizi, kwa sababu hapo unamhurumia kabla ya kumpinga, lakini wewe unamjua zaidi yangu, na huenda ukaona ukaguzi wa gari ndio mlango mwepesi.

Na vyovyote mtakavyoamua, mwombe mkubaliane jambo moja: kwamba yeyote kati yenu akisema "tusimame", gari litasimamishwa mahali salama pa kwanza patakapopatikana, bila swali na bila mjadala, awe ni yeye aliyesinzia au ni wewe uliyeona hivyo. Makubaliano hayo yana udhaifu wake, kwa kuwa ukiyatumia kila baada ya kilomita kumi atayachukia, na kama wote mmelala hayana kazi. Ndiyo maana kiti cha mbele kikaliwe na mtu aliyepumzika, na zamu ya kukaa hapo ipangwe kabla ya kuondoka.

Niandikie tena ukipenda, hata kama mazungumzo hayakwenda ulivyotarajia.

Mshauri wako